Siku Mtukufu Alipotunza

Nchi yetu ya Heko haina tatizo lolote. Nalitanguliza hilo ili mwenye haraka alisome, aridhike, aende zake. Mwenye nafasi avute mkeka, nimweleze jinsi tulivyoalikwa kwenda kutazama maisha ya marehemu Bi Zawena Kombo yakichezwa jukwaani kwa nyimbo na ngoma, na jinsi serikali ilivyogharamia kila kitu, hadi machozi.

Elimu yangu ni ya darasa la saba, mambo mazito siyawezi. Pale serikali ilipofanya jambo nisilolielewa nimeliacha kama lilivyo. Walioelewa wamesoma.

Bi Zawena alikuwa mwimbaji. Asiyemjua hakuolewa Heko, maana harusi bila Bi Zawena tuliihesabu kama posa tu. Sauti yake ilianza nzito chini, kisha inapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani, na haimwagi hata tone.

Sasa, kwetu wimbo haumaliziki kwa mwimbaji. Ubeti ukikugusa unainuka, unatembea kwa madaha mpaka mbele, unamtunza mwimbaji kwa kumbandika noti kwenye paji la uso, halafu unageuka. Hapo kwenye kugeuka ndipo penyewe. Unamtupia jicho yule ambaye ubeti umempata. Mwimbaji hakumtaja mtu. Jicho lako ndilo limetaja. Wanawake wanapiga vigelegele, na aliyetupiwa jicho akirudi nyumbani hali, halali.

Mtukufu Mlezi, mtawala wetu, alipomwoza binti yake, Bi Zawena aliitwa kuimba. Akaimba wimbo wake wa zamani, aliokuwa akiwaimbia mawifi waliokuja kusalimia wakahamia:

*Ulibisha kwa adabu, ukaomba maji kunywa,*
*Leo watupa sababu, chandarua chatundikwa,*
*Wenye nyumba kwa taabu, ukumbini twasukumwa,*
*Mgeni umeshakunywa, mlango hujauona?*

Ni wimbo wa mawifi, kila mtu anajua. Ila Mtukufu Mlezi naye aliingia Ikulu kwa wiki mbili tu, kushikilia nafasi mpaka mwenyewe apatikane, na mwenyewe hajapatikana hadi leo, ingawa wapo waliojitolea kumtafuta, nao wakapotea.

Ubeti ulipoisha hakuna aliyeinuka. Ukumbi umejaa wanawake, noti ziko viganjani, wimbo mtamu, na kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Idara ya Utulivu haina wajinga. Ikajiuliza: watu wote hawa, ni nani wasiyemtazama? Ikageuza shingo, ikamwona Mtukufu amekaa peke yake, hana jicho hata moja.

Bi Zawena alichukuliwa pale pale, na gauni lake la shughuli. Baada ya siku chache redio ikatangaza kwamba amefariki kwa furaha. Furaha ilimzidi kifuani. Madaktari walijitahidi kumhuzunisha, ikashindikana. Amezikwa kwa heshima mahali panapostahili. Mahali gani, redio haikusema, ikaweka muziki.

Kisha ikatoka sheria: ni marufuku kumtunza mwimbaji bila kibali. Toka hapo wanawake wa Heko tunakwenda harusini tumekunja mikono kama wagonjwa wanaosubiri sindano.

*

Bi Mize ni mdogo wake Bi Zawena, tumbo moja, ziwa moja. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, nami namwita bibi. Ni mtu wa neno moja. Hataki fidia, hataki kuombwa radhi. Anataka kaburi. Anataka aketi kichwani pa dada yake amsomee Yasini, ang'oe majani, arudi. Kwa ajili hiyo ameingia kila ofisi yenye bendera mlangoni, na kila ofisi imemwambia suala lake linafanyiwa kazi. Serikali yetu ni ya wachapakazi, hilo hakuna anayebisha.

Asubuhi moja tukasikia sauti nje.

"Hodi!"

"Nani?"

"Serikali."

"Makubwa!" Bi Mize akasema. "Lini serikali ikabisha hodi? Siwema, mwanangu, angalia kama mlango ungali pale."

Akaingia Mheshimiwa Kilua Ngwandu, Waziri wa Utamaduni na Furaha, na nyuma yake watu wa kamera, na nyuma yao watu wa kuwatazama watu wa kamera. Mheshimiwa akakaa kwenye kiti chetu chenye miguu mizima, akafungua hotuba.

"Mama, taifa limeamua kumuenzi dada yako. Tumeandaa onyesho kubwa la muziki kuhusu maisha yake. Onyesho hili ni daraja la dhahabu, linaloiunganisha jana iliyotulia na kesho itakayotulia zaidi. Msanii hafi, mama! Msanii anahamishwa tu kituo cha kazi!"

"Amehamishiwa wapi?" Bi Mize akauliza.

Mheshimiwa akawaashiria watu wa kamera wazime.

"Baba," Bi Mize akasema, "mimi mzee, sina maneno mengi. Kaburi la Zawena liko wapi?"

"Kaburi lipo, mama."

"Najua lipo, mlizika mtu. Liko wapi?"

"Wanaolijua ni wawili. Mmoja ni Mwenyezi Mungu."

"Huyo nimeshamuuliza. Wa pili?"

Mheshimiwa akanyoosha tai yake. "Wakati ule, mama, nilikuwa bado Idara ya Utulivu. Kazi zile nilizisimamia mwenyewe, kwa uadilifu."

Bi Mize alimtazama mikono. Si usoni, mikononi. Ilikuwa mikono safi, kucha zimekatwa vizuri.

"Basi nipeleke, mwanangu," akasema, na nilishangaa alivyoitoa hiyo "mwanangu" bila kukwaruza koo.

"Nitakupeleka. Siku ya onyesho, pazia likifungwa tu, unapanda gari langu, nakupeleka hadi miguuni pake. Sharti moja. Familia inakaa mbele, na Mtukufu mwenyewe atakuwepo. Familia iwe na uso mzuri."

"Uso gani?"

"Wa kufurahia, mama. Kama wa marehemu."

Kesho yake tukaletewa Afisa Uso, kijana mwenye stashahada. Alimkalisha Bi Mize mbele ya kioo.

"Tabasamu, bibi. Aa-a. Hilo ni la msibani. Tunataka la harusini."

"Ndilo nililobakiwa nalo, mjukuu wangu."

"Pandisha mashavu. Zaidi. Sasa macho nayo yasaidie, mbona yamekaa kama ya jirani?"

Alimfundisha hadi mashavu yakamuuma Bi Mize asiweze kutafuna. Nilimpikia uji. Akawa anaunywa na kufanya mazoezi, anaunywa na kufanya mazoezi, na katikati ya mazoezi ananiambia, "Siwema, tutachukua maji ya waridi. Na jembe dogo, majani yatakuwa marefu."

*

Nchi nzima nayo ilikuwa ikifundishwa. Walimu wa makofi walipita mitaani, wakatupimia: makofi ya kilo moja kwa waigizaji, kilo mbili kwa Mheshimiwa, gunia zima kwa Mtukufu. Jirani yetu mmoja mwenye mkono uliopooza alipewa barua ya kusamehewa nusu.

Kazi kubwa ilikuwa ya Mtukufu mwenyewe. Ilipangwa kwamba Bi Zawena wa jukwaani atakapouimba ubeti ule, Mtukufu ainuke amtunze, ili ijulikane mpaka ng'ambo kwamba ulikuwa ubeti wa sifa toka mwanzo, na kwamba aliyedhani vinginevyo ana moyo mbaya. Lakini Mtukufu amekulia kambini, hajawahi kutunza maishani mwake. Mheshimiwa Ngwandu akamfundisha kwenye televisheni, ili na sisi tunufaike.

"Unainuka, Mtukufu. Unatembea pole pole."

"Kama gwaride?"

"Pole kuliko gwaride. Na kiuno kidogo, kama hutajali. Unabandika noti kwenye paji la uso. Unageuka."

"Nikigeuka natazama wapi?"

Hapo Mheshimiwa alimeza mate, tukamwona. Mtu wa Heko hawezi kutolijua jambo hilo. Lakini nani atamwambia Mtukufu kwamba kuna mahali asitazame?

"Popote, Mtukufu. Nchi yote ni yako."

Sisi wanawake tulikuwa tumejazana kwa mwenye televisheni. Tulitazamana. Mmoja akakohoa. Hatukusema kitu, serikali haikutuuliza.

*

Onyesho lilifanyika asubuhi, maana jioni Mtukufu hutazama taarifa ya habari ili ajue alishindaje. Tulikaa safu ya mbele: mimi, Bi Mize na uso wake, kisha Mheshimiwa Ngwandu, kisha mkewe, Bi Adventina, aliyevaa dhahabu nyingi hata akigeuka anatangulia kusikika. Nyuma ya Bi Mize alikaa Afisa Uso na kioo kidogo mkononi. Mtukufu alikuwa upande wa pili wa njia, kwenye kiti kilichopandishwa juu ya kingine.

Bi Zawena aliigizwa na Kanali Tunu, mtoto wa dada yake Mtukufu. Kanali haimbi, ila ana nidhamu. Kwa kuwa kanuni za jeshi haziruhusu nishani kuvuliwa, Bi Zawena wetu alizaliwa nazo. Mtukufu naye ilibidi awepo katika kila tukio, na kwa kuwa hakuna binadamu anayestahili kumwigiza, ililetwa picha yake kubwa juu ya magurudumu, inasukumwa na askari wawili. Picha ikamzalisha Bi Zawena. Picha ikamkata kitovu. Wapo wanaokumbuka kwamba Mtukufu ni mdogo kwa Bi Zawena kwa miaka kumi, lakini kumbukumbu za watu ni kitu dhaifu na picha ilikuwa na fremu ya dhahabu.

Marehemu aliwahi kuolewa mara mbili, na waume wote wawili tuliwajua, mmoja alikuwa akiuza samli. Jukwaani aliolewa mara moja tu, na Taifa. Mahari ikapokelewa na Picha.

"Makofi ya kilo mbili!" mshereheshaji akapaza sauti, tukapima, tukatoa.

Nilikuwa nikimwangalia Bi Mize kila mara. Mashavu yalikuwa yamepanda, hayateremki. Alipoulizwa na Mheshimiwa, "Unaonaje, mama?" alijibu bila kusogeza midomo, "Nzuri, baba. Gari umeliegesha karibu?"

"Karibu sana, mama. Vumilia, zimebaki nyimbo mbili."

Ukafika wimbo wenyewe. Ukumbi ukatulia. Kanali akasimama wima, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Zawena.

Si ya kufananisha. Yeye mwenyewe. Watu waliguna. Wengine walifunika midomo kwa kanga. Ilikuwa sauti ya kwenye kanda, inapitia spika, na Kanali anaifuata kwa midomo, mara amewahi, mara amechelewa. *Ulibisha kwa adabu, ukaomba maji kunywa.* Bi Mize akanishika mkono.

"Siwema."

"Naam, bibi."

"Kanda hii siijui."

Kanda zote za Bi Zawena ziko ndani kwetu, chini ya kitanda. Hakuna ambayo Bi Mize haijui, anajua mpaka mahali mtu alipopiga chafya. Nikatega sikio. Hakukuwa na ngoma nyuma, wala watu wanaocheka, wala udi unaopigwa. Ilikuwa sauti tupu, chumbani, na ule mwangwi wa chumba kisicho na kitu. Ikafika kituo, ule mstari wa mwisho, na kituo kilikuwa kimebadilishwa:

*Mgeni umeshakunywa, mlango tumeufunga.*

"Hajaimba hivyo hata siku moja," Bi Mize akanong'ona. "Wamemwimbisha. Wamemwimbisha huko huko." Kucha zake ziliniingia. "Msikilize hapo kwenye *kunywa*. Inakwama. Ana kiu, Siwema. Zawena akiwa na kiu inakwama hapo hapo, toka utotoni. Hawakumpa maji."

"Bibi," Afisa Uso akasema kwa nyuma, taratibu, akimsogezea kioo. "Uso."

Na Bi Mize akaupandisha. Nimeona watu wakibeba magunia bandarini, sijaona mtu akinyanyua kitu kizito kama yale mashavu.

*

Mtukufu akainuka.

Alitembea vizuri. Kiuno kilikuwa cha kijeshi lakini kilikuwepo. Akapanda jukwaani, akachomoa noti mpya yenye sura yake, akambandika Kanali kwenye paji la uso, sura juu ya sura. Akageuka.

Ukumbi wote ukainamisha vichwa kutazama vidole vya miguu. Mawaziri, majaji, mabalozi wa nchi rafiki, wote. Hata mabalozi wasiojua sababu waliona usalama uko chini. Mtu mmoja tu ndiye hakuinama, naye ni Mheshimiwa Ngwandu, kwa sababu onyesho lilikuwa lake, lilikuwa linakwisha salama, na alikuwa anamtazama Mtukufu kama mama anavyomtazama mtoto anapopiga hatua. Meno yote yako nje.

Jicho la Mtukufu likazunguka ukumbini likitafuta pa kutua. Popote ni visogo. Likakuta meno. Likatua.

Sasa mtuelewe. Wanawake wa Heko tulikuwa hatujatunza wala kushuhudia kutunza kwa miaka. Mikono inawasha, koo zinawasha. Na hapa mtu katunza, kageuka, jicho limerushwa, limempata mtu usoni kabisa. Sijui ni nani aliyeanza. Kilisikika kigelegele kimoja kirefu kutoka safu za nyuma, kisha paa likataka kuondoka.

"Huyooo! Kampata!"

"Mpe, Mtukufu, mpe! Mpe zake!"

"Leo hali, halali!"

"Geuka basi mwenzetu tukuone, au mlango umefungwa?"

Mshereheshaji alipiga kelele za kilo na gunia, hakuna aliyemsikia. Mtukufu alisimama, noti nyingine ingali mkononi. Toka aingie Ikulu alikuwa hajapata shangwe ambayo haikupimwa. Akainama kwa mpambe wake. Kelele ziliwalazimu wapaze sauti, nasi tulikuwa karibu, nilisikia.

"Wanasema nini?"

"Wanasema umempata, Mtukufu."

"Nimempata nani?"

Mpambe akafikiri haraka, kama mtu aliyekanyaga kamba asijue ni kamba au nyoka. "Yule uliyemkusudia, Mtukufu."

"Nilimkusudia?"

"Mtukufu huwa hakosei."

Mtukufu akamtazama Mheshimiwa Ngwandu upya, safari hii kwa makusudi, toka kiatu mpaka nywele. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeambiwa habari za zamani. "Kumbe ni yeye," akasema. "Basi."

Meno ya Mheshimiwa yalibaki nje lakini hayakuwa tena ya kucheka. Askari wawili waliokuwa wakisukuma picha waliiacha, wakashuka.

Hapo nikahisi mkono wangu mtupu. Bi Mize alikuwa ameshainuka.

Alielewa kabla yetu sote. Wengine waliona waziri anaanguka na roho zikawapoa. Yeye aliona kaburi linaondoka. Na kwetu ipo njia moja ya kugeuza mshale: atokee mwingine autunze ubeti ule ule, amgeukie mtu mwingine. Bi Mize hakuwa na noti. Alipanda zile ngazi akijivua bangili ya fedha, mfupa wa mkono umekaza, akaivuta mpaka ikatoka na ngozi. Akamtundikia Kanali kwenye nishani. Akageuka. Amgeukie nani? Amtaje nani katika watu wale? Akajipiga kifua.

"Ni mimi!" akasema. "Mgeni ni mimi! Nimekunywa, nikasahau mlango! Ubeti ni wangu, jamani, mwacheni Mheshimiwa. Hana kosa huyu. Mwacheni, baba zangu, ni mtu mwema!"

Alimwita mtu mwema yule aliyemnyima dada yake maji. Alisema mara mbili, kwa sauti, mbele ya taifa, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia bangili ikigonga nishani.

Mtukufu akacheka kidogo.

"Bibi huyu amefurahi sana," akasema. "Mwangalieni asije akafa."

Wakamshusha. Mheshimiwa alikuwa ameshashikwa kwapa zote mbili anapelekwa mlango wa pembeni, na mkewe anavutwa upande mwingine. Njia ni nyembamba, wakapishana. Bi Mize akamdaka mkono wa koti.

"Wapi, mwanangu? Niambie upande tu. Juu? Chini? Nitatafuta mwenyewe."

"Mama, niombee kwa Mtukufu kwanza," Mheshimiwa akasema, jasho linamtoka. "Umeona anakusikiliza. Niombee, nitakwambia."

"Nimeshakuombea mbele ya watu wote! Sema!"

Askari akamvuta. Nadhani hapo ndipo Mheshimiwa alipojua hatarudi, maana aligeuka ghafla, akamtazama Bi Mize machoni, akafungua mdomo, akasema. Lakini mshereheshaji, mtu wa ratiba, alikuwa ameona pazia linafungwa, na pazia likifungwa ni wimbo wa taifa. Bendi ya polisi ikalipuka. Tarumbeta zote, na gunia zima la makofi. Niliitazama midomo ya Mheshimiwa ikifunguka na kufumbika, ikifunguka na kufumbika, neno refu, tena na tena. Sikuambulia kitu. Bi Mize alikuwa ameweka sikio mbele kama mtu anayekinga mvua kwa kikombe.

Mlango ukafungwa. Wimbo wetu wa taifa una beti saba.

*

Gazeti liliandika kwamba onyesho lilifana na kwamba Mheshimiwa Ngwandu amekwenda mapumzikoni. Tukaenda wizarani. Waziri mpya alitupokea vizuri, hata soda alitupa.

"Kaburi, mama? Suala hilo alikuwa nalo mwenzangu binafsi. Hakunikabidhi."

"Basi mwulizeni, baba. Mnaye nyinyi."

"Yupo mapumzikoni."

"Nipelekeni mimi nimuulize. Dakika moja."

"Mama," Waziri mpya akasema kwa upole, "mapumziko ni mapumziko."

"Serikali nzima hakuna mwingine anayejua mlikomweka mtu?"

"Ndiyo uzuri wa serikali yetu. Siri moja, mtu mmoja. Haivuji."

Ijumaa iliyofuata redio ikatangaza. Mheshimiwa Kilua Ngwandu amefariki ghafla, kwa furaha. Amezikwa kwa heshima mahali panapostahili. Kisha muziki.

Bi Mize alikuwa anachagua mchele. Hakuacha kuchagua. Aliuchagua mpaka ukawa hauna hata chenga, akaumwaga kwenye ungo, akaanza upya.

Hazikupita siku nyingi tukasikia hodi, ya chini chini, ya mtu asiyezoea kubisha milango ya watu. Alikuwa Bi Adventina. Hakuja na gari. Dhahabu hakuna, na pale pete zilipokuwa vidole vimebaki na alama nyeupe. Akapiga magoti mlangoni pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja…" Akatazama chini. "Wenzetu mmezoea. Nataka kuuliza, mnaanziaga wapi? Nimekwenda Ikulu, wamenifukuza. Nimekwenda Utulivu, wanasema hawana mtu wa jina hilo, na wote wamekula nyumbani kwangu. Sitaki kitu. Nataka kujua tu amelala wapi."

Mimi niliingiwa na raha, nisiseme uongo. Nilingoja Bi Mize amjibu jibu la kupita nalo maisha yake yote. Bi Mize aliweka ungo kando, akajivuta kwenye mkeka mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Adventina, mwanangu. Mumeo alikuwa anaota?"

"Nini, mama?"

"Usingizini. Wanaume wa kazi zile hawalali hivi hivi. Alikuwa anaweweseka? Anasema sema?"

Bi Adventina akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa akisema."

"Ee! Anasema nini?" Bi Mize alimshika mikono yote miwili. "Alitaja mahali? Mto, shamba, kiwanda, chochote. Alimtaja Zawena?"

"Alikuwa akianza kulitaja hilo jina, mama, kila mara. 'Zawena yuko…' anasema. 'Zawena yuko…'"

"Yuko wapi?"

Machozi yalimtoka Bi Adventina, na sikujua ni ya nani.

"Namgeuza ubavu," akasema. "Akianza tu, namgeuza ubavu, ananyamaza. Miaka yote hiyo. Nilikuwa na usingizi, mama."

Nje mtu alipita akiuza kashata. Bi Mize alimwachia mikono, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyobaki hewani, akairudisha mapajani.

"Uanzie dirisha la uzazi na vifo," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Watakwambia si kwao. Ukubali, usibishane, maana ukibishana wanakuandika. Halafu uende lile la nyuma, linalotazama choo. Hapo ndipo foleni yetu. Ufike mapema, na uje na chakula."

"Ni ndefu, mama?"

Ni ndefu, nami naweza kulithibitisha, kwa sababu nipo humo ninapoandika haya, namshikia bibi nafasi. Bi Adventina yuko nyuma yangu kidogo, na nyuma yake ni mama yake yule mshereheshaji. Lakini serikali yetu ni sikivu: mwezi huu imetujengea paa.